Utomvu wa Fenesi Haukumshika

Anayetaka kuniita mwongo aniite sasa hivi, kisha anyamaze asome. Sikuota, na haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linachoma, pale Nakawa, Kampala, kwenye sikukuu ya mafenesi.

Ndiyo, mafenesi. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya kupikia tumeyasahau, na wanajeshi wanatuamuru tukasherehekee tunda! Kila nyumba itoe mtu. Nikaenda na mwanangu Rehema mgongoni, nimejaa hasira. Miezi miwili kabla, mume wangu Yusufu alichukuliwa kutoka duka la kuchapisha alikofanya kazi, Wandegeya. Walimtia kwenye buti ya gari. Nilizunguka kila ofisi, jibu likawa moja: hatumjui. Nilitaka kitu kimoja tu, kujua kama yu hai.

Fenesi unalijua. Usipopaka mafuta mikononi, utomvu wake unakung'ang'ania mpaka kesho. Siku hiyo kila mtu alinata. Mama mmoja Mkongomani aliyekaa karibu nami akasema, "Dada, leo hata mwizi ataiba nini? Vidole vimeshikana!" Nilicheka, hata mimi. Nikageuka, nikamwona Yusufu.

Alikuwa anapasua fenesi kwa mikono mitupu, amevaa shati lile lile alilochukuliwa nalo. Viganja vyake vilikuwa vikavu, safi kabisa. Utomvu ulimteleza ukadondoka chini kama maji. Niamini. Nilielewa pale pale kwamba hakuwa hai tena.

"Baba Rehema!" Hakugeuka. "Baba Rehema!" Wapi! Miaka minne ya ndoa sikuwahi kumwita jina lake mbele ya watu. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Siku hiyo nililiita kwa sauti, lake na la baba yake.

Akageuka. Akanitazama kama mtu niliyemuumiza, akatikisa kichwa, na pale aliposimama likabaki fenesi peke yake.

Mwanamume wa miwani nyeusi akanigusa bega. "Wewe mama, nani unaita?"

Laiti ningeishia kwenye Baba Rehema! Akina Baba Rehema wamejaa Kampala. Lakini jina nililolitaja, yule alilijua vizuri.

Walikuja nyumbani jioni ile ile. "Bwana yako iko wapi? Leo umeona yeye." Ningejibu nini? Nikisema sijui, ninamficha. Nikasema amekufa. Yule wa miwani akatabasamu. "Nani ameambia wewe sisi tumeua yeye?" Wakamchukua Hamisi, mdogo wake Yusufu, wakasema Yusufu akijitokeza ndipo watamwachia.

Sasa niambie wewe, atajitokeza vipi?

Naandika haya nikiwa ng'ambo ya mpaka. Hamisi hajarudi. Mama mkwe alikataa kuja nami. Alisema hawezi kulala chumba kimoja na mdomo wangu, na mimi simlaumu. Matanga hatukukaa. Ukimlilia mtu umesema amekufa, na ukisema amekufa umewataja waliomuua. Rehema anajifunza kusema, na ananiuliza baba yuko wapi. Ninamwambia anyamaze.

Na wewe uliyepotelewa na mtu wako, ukimwona sokoni au kwenye sherehe, mtazame ushibe. Lia ukitaka. Lakini jina lake limeze. Yeye halimsaidii tena, na wanaolisikiliza wako hai.