Valvu Nne Kwenye Trei ya Mayai

Asubuhi ile nilifunga blanketi nyuma ya pikipiki, nikatoka Levolosi bila kuamua naenda wapi. Nimezoea kuondoka hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita, ila siku hizi hata kuondoka kunanichosha. Pikipiki nayo imechoka. Ni ya silinda mbili, imeundwa kabla sijazaliwa, na vipuri vyake sijaviona dukani kwa miaka mingi. Sikufika mbali. Nilipofika Ngarenaro, mtaa wa jirani tu, ikaanza kukohoa, kisha silinda ya kushoto ikafa.

Niliisukuma hadi kwenye kibanda cha dada mmoja anayeuza chipsi, akaniruhusu nifanyie kazi uani kwake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri sahani yake akasema, "Shikamoo."

"Marahaba."

"Sio wewe, mzee. Nimeisalimia pikipiki."

Wenzake wakacheka. Nikafungua injini, nikakuta valvu moja ya kutolea moshi imeungua ukingoni, haizibi tena. Nilizisaga zote nne kwa dawa ya kusagia, kila moja kwenye tundu lake, nikizungusha kijiti kati ya viganja mpaka mikono ikafa ganzi.

Kazi hii haina siri kubwa, ila usichanganye. Valvu iliyosagwa kushoto haizibi vizuri kulia, na kila fimbo inayoisukuma imelika kwa namna yake. Ukikosea inavuja, inaungua tena, na mara hiyo hakuna cha kusaga. Ningebaki na chuma chakavu, nami ningebaki mjini. Kwa hiyo niliomba trei tupu ya mayai. Vya kushoto nikaviweka kushoto, vya kulia kulia, na fimbo nikazichomeka kwenye matundu niliyotoboa. Kisha nikaenda kuchongesha gasketi.

Niliporudi, trei haikuwepo.

"Dada, trei yangu?"

"Nimeirudisha dukani. Mayai hawatoi bila trei."

"Na vyuma vyangu?"

"Viko kwenye beseni. Nimeviosha kwa sabuni, kaka. Vilikuwa vichafu mpaka aibu."

Vilikuwa vinang'aa kweli, vyote kwenye rundo moja. Yule kijana akachungulia. "Leo mzee anakula supu ya valvu." Dada alinitazama usoni, akaelewa, akaacha kukoroga mayai yake. Nikamwambia hakuna neno. Alikuwa amenifanyia wema.

Nikakaa juu ya ndoo nikaanza upya. Valvu za kuingizia hewa ni pana kuliko za kutolea moshi, kwa hiyo ziligawanyika zenyewe, mbili na mbili. Zile za moshi nilizipachika kwa kubahatisha, nikamimina mafuta ya taa juu yake nione kama zinavuja. Moja ikalia machozi upande wa chini. Nikazibadilisha; zote zikakauka. Za hewa zilikauka kila nilipozigeuza, kwa hiyo sikujua ipi ni ya upande upi, na sijui hadi leo. Fimbo nilizijaribu kwa vidole, nikitafuta ile inayokaa bila kucheza, mpaka vidole havikuhisi tena tofauti. Nilipofunga, niliizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko kadhaa, nikisikiliza kama valvu inagusa pistoni. Haikugusa. Nikaseti tapeti, ile nafasi nyembamba juu ya valvu, nikapiga teke. Ikawaka, silinda zote mbili.

Nikashika barabara ya Moshi kwa sababu pikipiki ilikuwa imeelekea huko. Mlima ulikuwa ndani ya mawingu. Baada ya Usa River nikaanza kusikia mlio upande wa kulia, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Labda fimbo haiko mahali pake, labda tapeti tu. Kupima injini ikiwa ya moto ni kujidanganya, kwa maana chuma kimetanuka. Ilibidi nisimame nisubiri, jambo nisiloliweza.

Nikaingia Kikatiti, mji mdogo wa njiani niliokuwa nimeupita mara nyingi bila kushuka. Kwenye gesti ya kwanza binti wa mapokezi aliitazama pikipiki kabla ya kunitazama mimi.

"Karibu, baba. Unaelekea Moshi?"

"Itategemea na hii."

"Inavuja oili?"

"Inavuja."

"Basi itandikie boksi chini, isituharibie sakafu. Chumba kipo."

Nikaitandikia boksi uani, nikaingia ndani, nikajilaza na viatu miguuni, nikisubiri injini ipoe.