Kikombe nilichomaliza peke yangu

Leo nimemwaibisha madam, mwajiri wangu, mbele ya watu, na mimi nilidhani nampa heshima.

Kulikuwa na tamasha la jibini hapa Riyadh. Ile yao kavu ya maziwa ya mbuzi, ngumu kama jiwe. Mimi nilipelekwa kubeba mtoto wake, si kuonja.

Mama mzee anayeuza akakoroga donge moja kwa maji, akanipa kikombe. Mimi, kabla ya madam!

Wakalenjin wenzangu, hiyo ni mursik kabisa! Uchachu uleule wa maziwa yetu ya kibuyu, imekosa tu ule mkaa tunaosugulia kibuyu. Nusura nilie.

Basi nikapiga funda moja, nikampa madam kikombe kwa mikono miwili, vile tunapitishiana nyumbani mtu akirudi safari.

Madam akaangalia kikombe. Akaangalia mdomo wangu.

"Halas, basi, Chebet. Maliza wewe."

Nikamaliza, nimesimama kando na mtoto mgongoni. Tangu nizaliwe sijaona mtu akimaliza mursik peke yake.

Mlio nyumbani, kibuyu cha leo kimeanzia kwa nani, kikapita kwa nani? Andikeni majina yote. Nataka kuyasoma polepole.