Aliye Itikafuni Hafuati Jeneza

Kazi yangu ni ya kelele. Nasimama Feri, kwenye kivuko, upande wa kisiwani, kipenga mdomoni na kipaza sauti mkononi, nikiwaambia watu wasikimbie, na wao wakikimbia. Jioni nikirudi mtaani kwetu Tudor masikio huwa bado yanavuma, na mwaka ule nyumbani nako hakukuwa na kimya, kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa. Hakuwa mtu wa kulalamika. Kwa maneno yake mwenyewe, alituzaa bila kupiga ukelele. Sasa alikuwa akiugua kwa sauti kutwa kucha, na mimi na dada yangu tulikuwa tukipokezana kumgeuza ubavu, kumnywesha maji kwa kijiko na kudanganyana kwamba jana hali yake ilikuwa mbaya zaidi.

Ramadhani ilipokaribia kumi la mwisho, nikataka kukaa itikafu. Sitajipamba. Wako wanaojifungia msikitini kumi lile kuutafuta usiku wa cheo. Mimi nilikuwa natafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkristo wa Taita, alikuwa amekwenda kwao milimani kwenye nyumba ya watawa, ambako watu hukaa kimya siku kadhaa, hawasemi hata wakila. Alirudi na uso uliotulia mpaka nikamwonea wivu. Hata sisi tuna itikafu, nikajiambia, na haina nauli ya kwenda milimani.

Nilichoogopa kilikuwa kimoja tu: Mama asije akaondoka mimi nikiwa ndani. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

"Kwani n'naachwa peke yangu?" akasema. "Dadako yuko. Wewe nenda ukaniombee Mngu. Hapa wewe wanitazama tu, na kutazama hakuponyi mtu."

Dada yangu alisomesha chuo cha Kurani miaka mingi, na bado hukusahihisha matamshi hata ukiwa unamwomba chumvi. Alichukua simu yangu akaizima mbele yangu.

"Ukishaingia umeingia," akasema. "Aliye itikafuni hatembelei mgonjwa wala hafuati jeneza. Mambo ya hapa niachie mimi."

"Na kukiwa na jambo?"

"Jambo gani? Nenda, bwana."

Nikaenda. Nilichagua msikiti wa Mji wa Kale, mbali na mtaa wetu, ili nisijulikane. Tulifunga shuka na vikoi baina ya nguzo za nyuma, kila mtu na kijumba chake cha kitambaa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba itikafu si kimya hata kidogo. Jirani yangu wa kulia alikuwa akikoroma kabla kichwa hakijafika kwenye mto. Wa kushoto, mzee mmoja fundi cherehani, alikuwa na maoni juu ya siasa za nchi hii ambayo hangeweza kuyaweka mpaka Idi. Feni zililia, maji ya birika yalimwagika, na soksi za watu zilinuka. Nilinuna. Nilikaa nyuma ya shuka langu nimenuna kama mtoto aliyenyimwa.

Lakini baina ya adhuhuri na alasiri watu walilala, na saa ile ikawa yangu. Nilikaa nimeegemea nguzo, sisomi, siombi, nasikiliza pumzi zangu zikiingia na kutoka. Siku za mwanzo kichwa kiliendelea kupiga kipenga chenyewe. Kisha mchana mmoja kikanyamaza. Sikumwaza Mama, wala Feri, wala kesho. Niliona raha, na sikuwa nimeiona raha ya namna ile tangu ugonjwa uingie nyumbani kwetu. Mchana ule nimeurudia akilini mara nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nitaeleza kwa nini.

Siku ya pili yake, baada ya swala ya adhuhuri, imamu aligeuka akatutangazia kuwa kuna swala ya jeneza, maiti ni mwanamke. Hilo si jambo geni; hakuna Ramadhani isiyo na watu wake wa kuzikwa. Jeneza lililetwa mbele limefunikwa shuka la kijani. Mimi nilikuwa safu ya nyuma kabisa, karibu na vijumba vyetu, na mbele yangu palikuwa na kanzu na kofia tupu, na migongo ya kanzu haina sura. Swala ya jeneza haina rukuu wala sijida. Watu husimama tu, takbira nne, dua, salamu, basi. Goti lilikuwa likiniuma. Nilimwombea yule mwanamke dua ile ya kawaida, haraka haraka, kwa kuwa nilitaka kuiwahi saa yangu ya kimya. Wakamnyanyua, wakatoka naye, nami nikarudi nyuma ya shuka langu.

Mwanamke yule alikuwa mama yangu. Nasema sasa hivi ili mtu asije akadhani nilihisi kitu. Sikuhisi kitu. Watu hupenda kuhadithia kwamba moyo uliwashituka, mkono ukawa baridi, ndege akalia dirishani. Mimi moyo wangu haukuniambia neno.

Jioni shemeji yangu, mume wa dada, alikuja na futari kama kawaida yake.

"Mama aonaje?" nikamuuliza.

"Twamshukuru Mngu," akasema, na macho yake yako kwenye vyombo.

Kwetu hilo ndilo jibu la kila kitu, la mtu aliyepona na la mtu aliyeunguliwa na nyumba, kwa hivyo sikuuliza zaidi. Chakula nacho kilikuwa kimebadilika. Badala ya uji na viazi vya karai, palikuwa na pilau ya nyama, na kesho yake biriani. Nikamwambia shemeji ampongeze Dada, mwaka huu amejitahidi. Akaitikia kwa kichwa. Vilikuwa vyakula vya matanga, vilivyopikwa na majirani zetu wa Tudor. Nilikula matanga ya mama yangu nikalamba vidole.

Mwezi wa Idi ulipoandama, watu walikumbatiana wakaanza kufungua mashuka yao. Shemeji alikuwa ananingoja nje. Hakunipa mkono wa Idi. Aliniketisha kwenye baraza ya nyumba ya watu.

"Ndugu yangu, Mama tumemzika."

"Lini?"

"Wewe ulimswalia."

Akanieleza kwamba lilikuwa shauri la Dada. Msikiti wa mtaani kwetu uko pale pale, na majirani walishangaa jeneza kupakiwa garini likaletwa huku, lakini Dada alishikilia: kwa kuwa mimi siwezi kutoka kumfuata Mama, basi Mama aletwe kwangu. Nisiambiwe, nisije nikatoka nikaiharibu ibada yangu. Shemeji alisimama safu ya kwanza, na alikuwa ameagizwa asigeuke nyuma.

"Tulikuletea," akasema.

Nyumbani kitanda cha Mama kilikuwa kimeondolewa. Dada alikuwa macho makavu. Nilimuuliza kama Mama aliniuliza.

"Alikuuliza," akasema. "Mchana wa mwisho, kabla ya alasiri. Alisema, mwiteni. Nikamwambia, Mama, yuko itikafuni, hatoki, yuwakuombea. Akasema, hata kidogo tu? Nikamwambia haifai, Mama. Hakusema tena mpaka alfajiri alipokata roho."

Alinisimulia kama mtu anayekabidhi amana, hakupunguza neno. Mchana ule ndio ule wangu wa raha. Mama alikuwa akiniita mimi nikiwa nimeegemea nguzo, nasikiliza pumzi zangu.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, nilimfuata imamu nikamweleza. Alinishika mkono hakuniachia.

"Itikafu yako ilikuwa ya nadhiri?"

"La. Ya sunna tu."

"Basi ungetoka," akasema taratibu. "Ile ya sunna mtu aweza kuikata, akaenda kwa mzaziwe, akarudi akanuia upya. Hakuna dhambi. Na mama ndiye wa kwanza kwendewa." Akaukaza mkono wangu. "Mbona hakuna alokuya kuniuliza? Nilikuwa papa hapa."

Ni kweli. Alikaa kando ya mihirabu kila siku, na shemeji alimpita jioni zote na vyombo vyake, akimwamkia. Hakuna aliyetaka kumsumbua.

Nilirudi Tudor. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokuja na Idi na rambirambi kwa pamoja, na Dada alikuwa katikati yao anahadithia: namna alivyokataza nisiitwe, namna jeneza lilivyopelekwa Mji wa Kale, namna nilivyomswalia Mama na itikafu yangu isivunjike. Wakamwambia mashallah, amemfanyia nduguye jambo kubwa. Nilisimama mlangoni na maneno ya imamu yamenijaa mdomoni. Nilimchukia. Nasema hivyo na ni dada yangu, ndiye aliyemgeuza Mama ubavu peke yake siku zile zote nilizokuwa nastarehe na kimya changu.

Akaniona. Alininyanyulia uso.

"Au sivyo?" akaniuliza, mbele yao wote. "Nilikosea?"

Wanawake wakanigeukia. Nikamwambia, "Ndivyo, Dada. Hukukosea."

Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Mama afe.