Mkono Uliobaki Kwenye Fremu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa halmashauri bado unanuka rangi mpya. Mama Deki, kama wenzake kazini wanavyomwita, ameshamaliza kupiga deki ngazi na sasa amesimama mbele ya picha kubwa iliyotundikwa karibu na mlango. Anakisugua kioo chake kwa nguvu zaidi kuliko kinavyohitaji.

"Kila asubuhi namfuta uso," anasema. "Mwenzangu kastaafu, yuko kwake kalala."

Aliye pichani ni wifi yake. Halmashauri inatimiza miaka hamsini wiki hii, na kamati ya maadhimisho imepamba kuta kwa picha za zamani. Chini ya hii pameandikwa: "Mwanamke wa kwanza kufagia mitaa yetu."

Mama Deki anaguna. Wawili hao waliajiriwa siku moja, wakapigwa picha pamoja, mifagio mkononi. Kamati ilitaka uso mmoja tu, ikakata picha. Kilichobaki cha Mama Deki ni mkono, begani kwa wifi.

"Na kazi nilimwitia mimi! Nilimwambia, shoga, twende, wanachukua watu. Kaka yake akaja kunioa baadaye. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kipo ukutani, na nakifuta vumbi."

Ni wivu? namuuliza.

"Wivu mtupu. Andika hivyo hivyo, usinipambie."

Mumewe alipoiona picha alisema dada yake katoka vizuri. Jioni hiyo aliwekewa chai kavu.

Nilimpigia wifi simu. "Kaninunia tangu Jumapili," alisema. "Kwani nilikata mimi?" Kisha akaongeza: "Siku ile watu walikuwa wanatucheka, wanawake na mifagio barabarani. Nilikuwa natetemeka. Ndiyo maana alinishika bega."

Nilipomfikishia maneno hayo, Mama Deki alikunja kitambaa. Akaufuta ule mkono, taratibu safari hii.

Ijumaa wageni watakuja. Wafanya usafi wameambiwa wakae nyuma, lakini yeye ana mpango wake: atasimama ubavuni mwa fremu, pale mkono unapokatikia.

"Waone huo mkono una mwenyewe. Na wifi akija, nitamshika bega tena, wapige picha nyingine."

Anainua ndoo yake.

"Ila asithubutu kuvaa gauni zuri kuliko langu."