Asubuhi Tulipomwinua Ng'ombe

Nilipopewa kazi ya umeneja katika kituo cha kukusanya maziwa nje kidogo ya mji wa Kajiado, nilikuwa nimepanga nyumba Kitengela, na nilidhani taabu kubwa itakuwa safari ya kila alfajiri. Kituo kilikuwa cha kikundi cha akina mama wafugaji. Walileta maziwa, tukayapima, tukayamwaga kwenye tangi la kuyapoza, kisha lori la mnunuzi likayachukua. Ndivyo nilivyoelezwa. Nilichokuta ni kelele: maziwa yaliyoganda, mikebe michafu, na wafanyakazi wawili ambao kila mmoja alisema kupima ni kazi ya mwenzake.

Nikagawa kazi upya. Huyu apime, huyu aoshe, na hakuna maziwa yatakayoingia kwenye tangi bila kupimwa, yawe ya nani. Nikaanza na mwenyekiti, mjane mrefu, mkavu, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Nilinusa maziwa yake mbele ya wenzake.

"Yananuka moshi wa kufukizia kibuyu, Yeyo. Mnunuzi atayarudisha."

"Unasema maziwa yangu ni mabaya?"

"Si mabaya. Nyumbani ni matamu. Hapa hayawezi kuingia."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Akabeba maziwa yake akaenda. Usiku huo nililala nikijua nimefutwa. Kesho yake akaja na mkebe mpya wa chuma, akauweka kwenye meza na kuwageukia wengine. "Mimi nimerudishwa," akasema. "Wewe ni nani usirudishwe?"

Tangu siku hiyo kituo kilienda vizuri. Hata nikichelewa, nilikuta kazi imeanza. Nilijivuna, sitaficha. Nilikuwa nimeacha ndugu zangu magharibi wakinicheka kwamba mimi, msichana mzima, naenda kuchunga ng'ombe wa watu.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena. Wanaume wakaswaga mifugo kuelekea mpakani kutafuta nyasi, wakaacha nyumbani ng'ombe mmoja mmoja wa maziwa ya watoto. Mikebe ikaja nusu, baadaye robo. Niliunganisha vituo vidogo vya vijijini vilivyotuletea maziwa, nikabadilisha njia za boda boda zilizoyabeba, nikasogeza saa za kupokea. Kila nilichobadilisha kilifanya kazi sawasawa, na maziwa yakazidi kupungua. Mwishowe hayakufika hata kwenye kile chuma cha kuyakoroga ndani ya tangi, na lori likaacha kuja.

Afisa wa mnunuzi alinipigia simu kutoka Nairobi. "Shida iko wapi kwenye mpangilio wako?"

"Hakuna mvua."

"Hiyo najua. Nauliza upande wa usimamizi."

Nikamsomea hesabu ya mikebe ya asubuhi hiyo.

Asubuhi moja Yeyo hakuleta chochote. Alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni. "Niko na ng'ombe ameanguka. Kujeni mnisaidie kumwinua."

Tulikwenda sote, mimi na wafanyakazi wangu na akina mama waliokuwepo. Ng'ombe alikuwa amelala kando ya boma, mbavu zinahesabika, macho wazi. Bila kufikiri nikaanza kupanga watu: ninyi mbele, ninyi mkiani, magunia yapite chini ya tumbo, tuinue pamoja nikisema. Walinitii mara moja, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Tuliinua. Akasimama, miguu ikitetemeka, na mama mmoja akapiga kigelegele. Halafu magoti yakakunjika, akashuka polepole mikononi mwetu.

"Tena," nikasema. "Wewe sogea huku. Tena!"

Akaanguka tena. Nilikuwa natafuta nani nimhamishe, gunia lipite wapi, nikasikia mkono begani.

"Wacha, mwanangu. Amechoka."

"Tukipata watu zaidi, Yeyo..."

"Watu wapo. Nguvu ndiyo hakuna, ya huyu."

Akaketi chini, akakiweka kichwa cha ng'ombe mapajani, akawa anamfukuzia nzi. Sisi tukabaki tumesimama na magunia. Sikujua nimwambie nani afanye nini. Kabla jua halijawa kali, alikuwa amekufa.

Kituo kilifungwa kabla ya mvua. Ilipokuja, ilikuja kwa fujo, ikaua hata mbuzi waliokuwa wamebaki, kwa baridi. Wanaume walirudi na mifugo michache, na tangi lilikuwa limeshahamishiwa upande mwingine wa kaunti. Mimi nilipata kazi katika kiwanda cha kufungasha bidhaa, palepale Kitengela. Wakubwa wangu husifu nilivyopanga zamu. Nashukuru, narudi kazini.

Yeyo humpigia simu binti yake anayeishi Rongai, na mara nyingine hunipigia mimi. Mara ya mwisho aliniuliza kama nimeolewa, kisha akauliza, "Na huko munakunywa maziwa gani?"

"Ya pakiti, Yeyo."

"Ni mazuri?"

"Yako sawa," nikasema, na tukaendelea kuzungumza juu ya wajukuu wake.