Swali la maktaba kwenye simu ya mama

Marafiki, leo mama ameitwa mbele ya wazazi wote kwa sababu ya maneno yangu.

Tulitoka Kongo, na mama hasomi wala hasikii Kiingereza. Kwenye kundi la wazazi la simu, mimi ndiye humjibia. Kawaida naandika tu, "Asante, mwalimu."

Wiki jana niliuliza kwa jina lake, bila kumwambia: maktaba imefungwa mwaka mzima, vitabu viko wapi?

Wazazi wengi waliunga mkono. Mwalimu mkuu hakujibu.

Leo kilikuwa kikao cha kufunga mwaka. Mwalimu mkuu alisoma kwa Kiingereza habari njema zote, mabati mapya, ushindi wa timu ya mpira, kisha akavua miwani.

"Mama Neema ni nani hapa?"

Mama akasikia jina lake, akasimama akitabasamu.

"Nyabo, mama, swali lako nimeliona. Jumatatu uje ofisini kwangu. Bila mtoto."

Wale waliouunga mkono ujumbe wakainamia simu zao.

"Neema, banasema nini?" mama akaninong'oneza.

Nikamwambia anaitwa Jumatatu. Basi. Swali la maktaba sikumtajia.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani Kasubi, mama akasema, "Pengine banataka kukupatia zawadi, juu unasomaka sana."

Sasa anapiga pasi kitenge chake cha kanisani. Tangu tufike natafuta pa kuanzia kumwambia ukweli. Ninyi mngeanzaje? Niambieni, tafadhali.

Ameninyooshea simu sasa hivi.

"Ubaandikie kwenye kundi. Asante, nitakuja."