Niliandika kwa mkono wangu karatasi ya kumsamehe mwenye lori lililomuua kaka yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Morogoro. Nimebadilisha majina tu. Ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pazuri zaidi.

Mimi ni mtu wa maswali. Chuoni walimu walikuwa wakiniona nimenyoosha mkono kwenye seminar, wanaangalia saa.

Kaka yangu Shabani alikuwa akinunua ndizi Matombo na kuzileta mjini kwa pikipiki. Siku hiyo alikuwa ameegesha pembeni ya barabara, anakaza kamba ya mzigo. Lori la mchanga likashuka mlima na kumfuata palepale. Waliokuwepo walisema dereva alipiga kelele kwamba breki zimekataa.

Hakufika hospitali.

Ameacha mke, shemeji Zuhura, na watoto wawili. Mdogo alikuwa bado anatambaa.

Tukazika Matombo. Siku ya kumaliza matanga akaja mwenye lori na wazee wawili, na mchele, mbuzi na bahasha ya rambirambi. Akalia mbele yetu. Sidhani alikuwa anaigiza, na hilo ndilo lililotumaliza nguvu.

Kwa wasiotujua: sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mjomba Salum akasimama, akasema ajali ni kadari, ukoo umesamehe. Mwenye lori akaomba jambo hilo liandikwe.

Macho yote kwangu. Msibani msomi ndiye anayepewa kalamu, mnajua.

Nikasema, "Mjomba, tungesubiri kwanza gari likaguliwe."

"Wewe msomi, unataka marehemu alale na kesi? Andika. Maswali kawaulize walimu wako."

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani. Nikaona aibu.

Nikaandika: "Ukoo umesamehe na hautakuwa na madai yoyote." Mwandiko safi kabisa. Mjomba akaweka dole gumba.

Zuhura alikuwa ndani, kwenye eda. Kutoka jamvini hadi mlangoni ni hatua kumi hivi. Hakuna aliyeingia kumuuliza. Hata mimi.

Karatasi ikapelekwa kituo cha polisi. Lori likatoka bila breki kukaguliwa.

Eda ilipoisha, shemeji akanifuata mjini, mtoto mgongoni. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Shem, kumbe nimesamehe. Nimesamehe lini?"

Kesho yake tukaenda ofisi moja ya msaada wa kisheria. Wakili, mama mmoja mkali, alisoma nakala ya karatasi, akauliza, "Nani kaandika hii?" Nikanyoosha mkono. Akanitazama kama mwizi wa kuku.

Alichotueleza ni hiki. Mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, sheria inawatazama mke au mume, watoto na wazazi wake. Neno ukoo halimo. Na anayedai kwa niaba yao ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si yeyote mwenye sauti kubwa msibani. Kesi ya dereva ni kitu kimoja, madai ya fidia ni kitu kingine, na bima ya gari inahusika. Rambirambi si fidia. Halafu muda wa kufungua madai una mwisho, hausubiri mmalize kulia.

Tatizo: mahakama ya mwanzo ilitaka muhtasari wa kikao cha familia kumpendekeza Zuhura. Mjomba akakataa kwenye simu. "Neno limeshatoka mbele ya kaburi."

Nikapanda Matombo. Nikamkuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamuuliza moja tu:

"Mjomba, kwa mila yetu watoto wa Shabani ni wa ukoo gani?"

"Wa mama yao. Hata hilo hujui?"

"Sasa ukoo wetu umesamehe vipi haki ya watoto wa ukoo mwingine?"

Akamaliza kumenya mhogo aliokuwa nao mkononi. Kisha akasema, "Hilo ungeliuliza siku ile."

Lakini kikao akakiitisha. Zuhura akapendekezwa, mahakama ikamteua.

Shauri limefunguliwa, na upande wa pili umeleta karatasi yangu. Wakili wetu anasema haimfungi mjane, kwa sababu aliyeweka dole hakuwa msimamizi. Kinachomnyima usingizi ni breki. Lori limeshauzwa, ripoti ya ukaguzi haipo, dereva haonekani. Tusipothibitisha uzembe, wale watoto wanatoka mikono mitupu.

Nilichojifunza: msiba ukitokea, msisaini kitu jamvini. Dai ukaguzi wa gari siku ileile, tunza kila karatasi, na aliyeko kwenye eda ana mdomo, aulizwe. Na kuuliza maswali mahali ambapo hakuna wa kukucheka si ujasiri. Mimi nilidhani ni ujasiri.

Nimeitwa kutoa ushahidi. Nilimuuliza shemeji kama kuna kitu angependa nikiseme kwa upole.

"Sema yote, usipunguze," akasema. "Huruma yako ilitakiwa siku ile."

Mliowahi kuthibitisha uzembe bila ripoti ya ukaguzi, nawasikiliza. Wa kunitukana pia karibuni, ila mkimaliza mniachie na ushauri.